Kioo cha Hubble: lawama ni ya kifaa cha kupimia, au ya wahandisi waandamizi waliokiamini?

#1 Mpimanuru
Salaam wanajukwaa. Katika kazi yetu ya kubuni mifumo ya mwanga, kisa kinachorudiwa kila semina ni kile cha kioo kikuu cha darubini ya Hubble, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilichorushwa angani tarehe 24 Aprili 1990 na kubainika ndani ya miezi michache kwamba hakiwezi kukusanya nuru ya nyota mahali pamoja. Kisa hicho husimuliwa kwa mkato unaonikera: lenzi moja ndogo ndani ya kifaa cha kupimia ilikaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3, kioo kikasuguliwa kwa kukifuata kifaa hicho, ukingo wake ukawa bapa kupita kiasi kwa maikromita 2.2, na lawama yote ikaishia kwenye lenzi.

Mimi nadai kwamba lawama hiyo imepelekwa pasipostahili. Mwaka 1981, katika karakana ya kampuni ya Perkin-Elmer huko Connecticut, kifaa hicho hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kifaa cha pili kilichotumia lenzi badala ya vioo, na cha tatu kilichotengenezwa mahsusi ili kukikagua kile cha kwanza, na vyote viwili vilionyesha dalili za kasoro ile ile. Matokeo yake yalipuuzwa kwa hoja kwamba kifaa cha kwanza ndicho kilichobuniwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Kwa hiyo kosa ni la waandamizi, yaani watu wa ngazi ambayo wengi wetu humu tumeifikia au tunaitafuta. Naomba mnijibu: vipimo viwili vinapogongana, nawe ndiye mwenye saini ya mwisho, unafuata kipi na kwa sababu gani?

#2 Shamba_la_Nyota
Mtoa mada, mada nzuri, lakini nadhani unawatafutia wakubwa makosa makubwa kuliko waliyoyafanya. Ninavyoelewa mimi, ambaye si mhandisi bali mpenzi wa darubini tu, kioo kile kilisuguliwa kwa haraka na vibaya kwa sababu ratiba ilikuwa imechelewa, na NASA haikuwa na kioo cha akiba cha kulinganisha nacho. Mtu anayekimbizwa na ratiba hana nafasi ya kusuluhisha ugomvi wa vifaa.

#3 Bi_Lenzi
Ndugu Shamba, mambo mawili uliyoyasema yanahitaji kurekebishwa kabla hatujaendelea. Kwanza, kioo hakikusuguliwa vibaya. Kilikuwa miongoni mwa vioo laini zaidi vilivyowahi kutengenezwa kwa ukubwa ule, na umbo lake lilifuata kipimo kilichotolewa kwa uaminifu mkubwa. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe kilielekeza umbo lisilo lake. Pili, kioo cha akiba kilikuwapo. Kilitengenezwa na Kodak, hakikurushwa kamwe, na baadaye kikawekwa katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian mjini Washington.

Kwa wasiozoea kazi hii, nieleze kifaa chenyewe kilifanya nini. Kioo cha Hubble si sehemu ya tufe. Ukingo wake hutofautiana na tufe linaloshikana na kitovu chake kwa karibu maikromita 190. Ukikipima moja kwa moja kwa intaferomita, yaani kifaa kinachoonyesha umbo la kioo kwa mistari ya mwanga na giza, iliyowekwa kwenye kitovu cha mpindo, utaona msongamano wa mistari usiosomeka. Kwa hiyo hujengwa kifaa cha kati kinachoupinda mwanga wa upimaji kwa makusudi, kwa kiasi ambacho kioo chenye umbo sahihi kitaunyoosha tena, na mistari ikitokea imenyooka, msuguaji anaambiwa kazi imekamilika. Tukiite kisahihishi. Maana yake ni kwamba kisahihishi ndicho chenye umbo la kioo ndani yake, na kioo ni nakala tu. Ukikikosea kwa milimita 1.3, kitakupa jibu lile lile asubuhi na jioni, mwaka huu na ujao, na kurudia kwake ndiko kutakakokufanya ukiamini.

Kwa maoni yangu, basi, mtoa mada ana nusu ya ukweli. Waliopuuza vifaa viwili hawakuwa wavivu, bali walichanganya kifaa kinachosoma kwa unyeti mkubwa na kifaa kinachosoma ukweli. Katika kiwanda ninachofanyia kazi hapa Ujerumani ugonjwa huo ninauona mara kwa mara kwa wahandisi wazuri kabisa.

#4 MzeeKaunta
Nashukuru kwa maelezo, binti yangu. Mimi nilistaafu katika mawasiliano ya simu, kwa hiyo niulize swali la mtu wa nje: ilikuwaje watu waliopima kwa mwanga wa leza wakakosea kwa milimita nzima na ushei? Hilo hata rula ingeliona.

#5 Mpimanuru
Mzee wangu, hapo ndipo kisa kinapouma. Nafasi kati ya lenzi na vioo vya kisahihishi ilipimwa kwa fimbo za Invar, aloi isiyotanuka sana kwa joto, na leza ilitakiwa kugonga ncha ya fimbo na kurudi. Ili wasigonge pembeni, waliivalisha ncha kofia yenye tundu katikati, na kofia ikapakwa rangi ya kuzuia mwanga usirudi. Rangi ilibanduka sehemu moja, leza ikagonga kofia badala ya ncha, na kipimo kikachukuliwa kwa kofia. Tofauti ya milimita 1.3 inatoka hapo.

Na sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalonipa ujasiri wa dai langu. Mafundi walipotaka kuishusha lenzi hadi mahali leza ilipoonyesha, skrubu za kurekebishia hazikufika. Kifaa kilikuwa kinawaambia kwa lugha ya chuma kwamba kuna jambo. Wakaweka wosha ili kuziba pengo, kazi ikaendelea. Jibu lako la rula, Mzee, wosha zile ndizo rula yenyewe, ila hakuna mbunifu wa mfumo aliyeitwa aje kuzitazama.

#6 Fundi_Mkongo
Wakuu, nisemee upande wa nyuzi za mwanga, kwa kuwa ugomvi wa vipimo si wa wenye vioo peke yao. Kuna kazi niliyoitwa kuangalia katika mkongo wa nchi kavu, kati ya vituo viwili vilivyo mbali kwa kilomita 62 za uzi. Uzi ulikuwa umekatika, na mashine mbili za OTDR, zile zinazotuma mwanga ndani ya uzi ili kutafuta mkato, zilikubaliana kabisa kwamba mkato uko kilomita 40 na kidogo kutoka kituo cha kwanza. Kikundi kilichimba mahali hapo, hawakukuta kitu, wakachimba tena hatua chache mbele na nyuma, na wakaanza kuwalaumu watengenezaji wa ramani.

Mashine ya OTDR haipimi umbali. Inapima muda wa mwanga kwenda na kurudi, kisha inaugeuza kuwa umbali kwa kutumia namba inayoeleza jinsi kioo cha uzi kinavyopunguza mwendo wa mwanga. Kwa uzi ule namba hiyo ilikuwa takriban 1.468, lakini mashine zote mbili, zilizotoka stoo moja na kupangwa na mkono mmoja, zilikuwa zimewekewa 1.460. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye kilomita 40 inazaa zaidi ya mita 200. Kilichofichua jambo ni kupima kutoka kituo cha pili: sehemu mbili za mkato zilipojumlishwa zilizidi urefu wote wa uzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za ujenzi kwa zaidi ya mita 300, na hakuna uzi unaoongezeka urefu kwa kukatika. Ongeza pia kwamba ndani ya kebo uzi huwa mrefu kuliko kebo yenyewe, na kila kwenye kiungo kuna mzunguko wa akiba, hivyo anayechimba lazima atoe hesabu nyingine tena.

Nililotaka kusema ni kwamba mashine mbili zinazokubaliana hazina thamani ya mashahidi wawili iwapo zote zimefundishwa na mtu mmoja. Hubble ilikuwa kinyume chake: walikuwa na mashahidi wasiofahamiana, wakawafukuza.

#7 Kijana_Fotoniki
Fundi, asante kwa kisa, ingawa nimesikitika kwa ajili ya waliochimba. Hata hivyo ninyi wa mkongo mna bahati mnayoisahau, kwa kuwa mwisho wa ubishi wenu kuna jembe, na jembe halibishi. Mwenye kioo kilichokwisha kufungwa ndani ya chombo cha anga hana pa kuchimba. Ndiyo maana sikubaliani na mtoa mada anapoligeuza suala hili kuwa la tabia ya waandamizi. Mfumo wowote unaomtegemea mtu mmoja awe na busara siku ya mwisho ni mfumo uliobuniwa vibaya tangu siku ya kwanza.

#8 Mkaguzi_Bandarini
Habari zenu. Mimi ni mkaguzi wa ubora, na ninaona mnawazungumzia wahandisi kana kwamba walikuwa wanafanya kazi bila bajeti. Tume iliyoichunguza kasoro hiyo, ikiongozwa na Lew Allen, ambayo ripoti yake ilitoka Novemba 1990, haikuishia kwenye lenzi. Iliilaumu kampuni kwa kutofuata taratibu za ubora na kwa kutoandika mikengeuko, na iliilaumu NASA kwa kutousimamia mradi wa kioo ipasavyo. Darubini yenyewe haikufanyiwa kipimo cha mfumo mzima kabla ya kurushwa, kutoka nuru inapoingia mpaka inapofika kwenye picha. Kipimo kamili cha aina hiyo kingekuwa ghali mno, na hoja hiyo ya bei ikaua hata wazo la kipimo duni.

Hapo ndipo ninapoweka lawama yangu. Kasoro ya maikromita 2.2 kati ya 190 alizozitaja Bi_Lenzi ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kipimo kibovu, cha mwanafunzi, chenye kosa la nusu asilimia, kingetosha kuiona. Waliodai kipimo cha mfumo mzima walidai kile kizuri kabisa, wakanyimwa. Hakuna aliyeomba kile kibaya. Mkaguzi yeyote wa mizani atawaambia kwamba kabla ya kutafuta gramu hutazama kwanza kama kilo zipo.

#9 Shamba_la_Nyota
Nimekubali kurekebishwa na Bi_Lenzi, lakini nina hoja nyingine ambayo haijaguswa. Perkin-Elmer ndiyo iliyotengeneza kamera za setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoitwa Hexagon, ambazo habari zake ziliwekwa wazi mwaka 2011. Mahali penye kazi za siri milango hufungwa, na mgeni kutoka NASA hawezi kuzurura karakanani akiuliza kila wosha imewekwa kwa nini. Huenda huo ndio mzizi, na haya ya kofia na rangi ni matawi.

#10 Bi_Lenzi
Hoja ya siri inavutia, ila inabeba mzigo usioweza kuubeba. Kodak nayo ilitengeneza kamera za setilaiti za kijasusi, zile za Gambit, na bado ndiyo iliyopendekeza, pamoja na kampuni ya Itek, kwamba katika kazi ya Hubble kila kampuni ikague kioo cha mwenzake. Usiri haukuwazuia kufikiria mashahidi wasiofahamiana. Zaidi ya hayo, waliokuwa ndani ya karakana tayari walikuwa na picha za mistari iliyopinda kutoka kifaa cha pili. Mlango uliofungwa ulikuwa kati yao na wabunifu wa kampuni hiyo hiyo, si kati yao na serikali.

Kwa Mkaguzi: hesabu yako ya asilimia ni sahihi, lakini usiwafanye wajinga. Kifaa cha lenzi kilipotumika Mei 1981 kilikuwa na kazi ya kupima mpindo wa kitovu tu. Kikionyesha mistari iliyopinda ukingoni, mtu mwenye akili timamu angeweza kusema kwamba kasoro ni ya lenzi za kifaa chenyewe, na lenzi kweli huwa na kasoro. Maelezo hayo yaliingia akilini. Ubaya wake ni kwamba yangeweza kuhesabiwa: unachukua kasoro zinazojulikana za lenzi hizo, unakokotoa mistari ingepinda kiasi gani, unalinganisha na picha. Mimi ningeifanya hesabu hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwandamizi, kabla ya kikao chochote.

#11 Kijana_Fotoniki
Naomba kuleta mfano unaotibua dai la mtoa mada. Darubini ya NTT ya ESO, shirika la nchi za Ulaya la utafiti wa nyota, iliyoko La Silla nchini Chile na iliyoanza kazi mwaka 1989, nayo ilikuwa na kioo chenye kasoro ya jamii hiyo hiyo, na chanzo chake pia kilikuwa nafasi isiyo sahihi ndani ya kisahihishi. Wahandisi wengine, nchi nyingine, kampuni nyingine, muongo uleule. Tofauti ni kwamba kioo cha NTT kilikuwa chembamba na kilikaa juu ya vishikio vinavyoweza kukisukuma, kwa mfumo alioupigania Raymond Wilson, kwa hiyo sehemu kubwa ya kasoro ilifutwa kwa kukipinda kioo chenyewe. Ndiyo maana watu wachache hukikumbuka.

Darubini ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 imeipeleka fikra hiyo mbali zaidi: vipande 18, kila kimoja kikisogezwa kwa pande sita na kurekebishwa mpindo. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la post #1 ni kwamba kazi ya mwandamizi ni kuacha skrubu mahali ambapo kosa litatokea, badala ya kukaa kama hakimu kati ya vifaa viwili.

#12 Fundi_Mkongo
Kijana, skrubu zilikuwapo kwenye kisahihishi cha Hubble, na zilipofika mwisho watu wakaweka wosha. Tueleze basi skrubu zako zitamzuia vipi mwenye wosha.

#13 Mpimanuru
Fundi amenimalizia maneno. Isitoshe, Kijana, kila kishikio kinachosogea huleta waya, joto, uzito na programu ya kukiongoza, na kila kimoja kina kosa lake la kuingizwa katika bajeti ya makosa, yaani jumla ya makosa ambayo mfumo unaruhusiwa kuwa nayo. Kwenye mfumo wa lenzi zilizogundishwa ndani ya pipa la kipenyo cha kidole huna pa kuziweka. Hata James Webb, pamoja na vishikio vyote hivyo, ilipelekwa Houston mwaka 2017 ikapimwa ndani ya chumba kikubwa cha ombwe na baridi kali. Walioijenga hawakuyaamini marekebisho peke yake, walilipia pia kile kipimo ambacho Hubble ilinyimwa. Unadhani ni nini kilichowafanya walipie?

#14 Kijana_Fotoniki
Aibu ya 1990. Hilo nalikubali bila ubishi.

#15 MzeeKaunta
Nami nimewafuata hadi hapa. Nilidhani miwani waliyoivisha Hubble mwaka 1993 ilirekebisha vyombo vyote kwa mpigo mmoja, na kama ndivyo, basi gharama ya kukosea haikuwa ya kutisha kama mnavyoifanya.

#16 Mkaguzi_Bandarini
Shikamoo Mzee. Sivyo hasa. Kifaa cha COSTAR kilichopelekwa Desemba 1993 kilikuwa na jozi tano za vioo vidogo, na kilivihudumia vyombo vitatu tu. Kamera kuu haikupitia humo. Iliondolewa na kuwekwa nyingine, WFPC2, yenye marekebisho yaliyojengwa ndani yake. Na ili COSTAR ipate nafasi, chombo kizima cha kupima mng'ao kwa kasi kilitolewa, wataalamu wake wakabaki hawana chombo. COSTAR yenyewe iliondolewa mwaka 2009, kwa kuwa kufikia hapo kila chombo kilikuwa na marekebisho yake.

Lakini kuna jambo ambalo ninyi wenye vioo hulipitia haraka. Marekebisho yaliwezekana kwa sababu kioo kilikosewa kwa usahihi. Umbo lake lilifuata kosa moja linaloelezeka kwa namba moja, na wachunguzi wakaipata namba hiyo kutoka kwenye kisahihishi kilichokuwa bado kimehifadhiwa karakanani, na kutoka kwenye picha za nyota zenyewe. Kama wale mafundi wangekuwa wazembe kweli, kama alivyosema Shamba mwanzoni, kusingekuwa na miwani ya kuvisha.

#17 Shamba_la_Nyota
Kwa hiyo niliyemwita mzembe ndiye aliyeiokoa darubini. Naomba radhi kwa mafundi wa Connecticut, na bado naishikilia hoja yangu ya siri mpaka nitakapopata sababu bora kuliko mfano wa Kodak, maana Kodak hawakupewa kazi hiyo na hatujui wangefanyaje chini ya ratiba ileile.

#18 Bi_Lenzi
Hapo umenipata, Shamba. Pendekezo kwenye karatasi halijawahi kuchelewa.

Nimjibu mtoa mada moja kwa moja kwa sababu ameuliza tangu asubuhi na sisi tumezunguka. Vifaa viwili vikigongana, mimi sifuati chochote kati ya hivyo. Nasimamisha usuguaji na naandika karatasi moja: kama kifaa A ni kweli, B kingepaswa kuonyesha nini, kama B ni kweli, A kingepaswa kuonyesha nini, na ni kipimo gani cha tatu, hata kiwe duni, ambacho majibu yake yatatofautiana katika hali hizo mbili. Kwa Hubble kipimo hicho kingekuwa kupima nafasi ya lenzi kwa njia isiyopitia fimbo zile. Ilikuwa kazi ya siku chache.

#19 Mpimanuru
Nashukuru, dada. Ila hujaniambia nani anayelipa siku hizo chache wakati meneja wa mradi amesimama mlangoni na ratiba mkononi, na kifaa A kina cheti.

#20 Mkaguzi_Bandarini
Anayelipa ni aliyekitolea cheti kifaa A bila kuandika tarehe ya mwisho wa cheti hicho. Mimi vyeti vya aina hiyo huvirudisha.

#21 Fundi_Mkongo
Mkaguzi, ukivirudisha vyote tutakaa bila mtandao. Nina swali la kazi kwa Bi_Lenzi: hiyo karatasi yako ya A na B, unaijaza kabla ya kuona matokeo au baada? Maana kwenye mkato wetu wa kilomita 40, kila aliyepewa matokeo kwanza alipata maelezo ya kuyatetea, na maelezo yote yalikuwa mazuri.

#22 Bi_Lenzi
Kabla, na huwa naisaini pamoja na msuguaji. Baada ya hapo huwa naambiwa kwamba nina ukaidi. Nitaweka mfano wa karatasi hiyo kwenye uzi mwingine wiki ijayo, kwa kipimo cha lenzi ndogo ambacho si siri ya mtu, na Kijana anaruhusiwa kuja kuniuliza skrubu ziko wapi.